Sura ya 6: Mstari Unaoonekana wa Bure

Anayesoma msimbo wa kadi ya mtandao kwa mara ya kwanza hukutana na mstari mmoja unaomshangaza. Programu inaandika thamani kwenye rejista ya kadi, halafu papo hapo inasoma rejista nyingine, na kilichosomwa hakiwekwi popote. Hakilinganishwi na kitu, hakihifadhiwi, hakiingii kwenye hesabu yoyote. Kijana mwenye bidii ataufuta mstari huo, atapima, ataona kasi imeongezeka kidogo, kisha atawaandikia wasimamizi wa kerneli ya Linux kuwajulisha kwamba amewaondolea kazi ya bure. Atajibiwa kwa adabu kwamba kiraka chake, yaani badiliko alilotuma, hakitapokelewa.

Mstari huo sikuubuni mimi. Umo katika e1000, kiendeshi cha kadi za gigabiti za Intel ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za kawaida kabisa kwenye seva na kompyuta za ofisini. Baada ya amri fulani, kiendeshi hicho husoma rejista ya hali ya kadi na kulitupa jibu. Sababu iko kwenye njia iliyo kati ya prosesa na kadi. Prosesa inapoandika kwenye kifaa kilichounganishwa kwa PCI, haingoji amri ifike. Huikabidhi njiani na kuendelea na shughuli zake. Ni kama barua unayomkabidhi nahodha wa baleinière inayoshuka kutoka Kisangani kwenda Kinshasa: imetoka mikononi mwako, lakini hujui itafika lini. Kusoma kuna sheria nyingine. Prosesa inayosoma lazima ingoje jibu, na PCI hairuhusu ombi la kusoma liyapite maandishi yaliyolitangulia kwenye njia hiyohiyo. Jibu likirudi, maana yake maandishi yote ya kabla yamekwisha kufika. Thamani iliyosomwa haina kazi. Kilichotakiwa ni kule kungoja.

Ukiondoa kungoja huko, mambo huharibika bila kelele. Chukua kiendeshi kinachoiamuru kadi ijiwashe upya, kinahesabu mikrosekunde 10, kisha kinaanza kuigusa. Kama amri ilikuwa bado njiani, zile mikrosekunde 10 zimehesabiwa kabla ya wakati wake, na kadi itaguswa ikiwa katikati ya kujiwasha. Kwenye meza ya aliyeandika kiraka mambo yatakwenda sawa. Kwenye mashine nyingine, yenye ubao mwingine na njia ndefu zaidi, kadi itapotea mara moja kwa mwezi, na mwenye mashine atamlaumu muuza kebo.

Kuna usomaji wa aina ya pili ambao nao huonekana wa bure. Kwenye kadi hizohizo, rejista inayoeleza sababu ya mkatizo, yaani ile ishara ambayo kadi huitumia kuisimamisha prosesa na kuitaka iisikilize, hujifuta yenyewe inaposomwa. Kuisoma ni sawa na kuiambia kadi: nimekusikia, nyamaza. Anayeufuta usomaji huo kwa kuwa thamani yake haitumiki mahali fulani ameiacha kadi ikiendelea kupiga kelele.

Aina ya tatu ni usomaji ambao ni wa bure kweli, uliosahaulika baada ya mabadiliko ya zamani, na huo upo kwenye viendeshi vingi. Gharama yake si ndogo. Kusoma mara moja kupitia PCI huchukua mamia ya nanosekunde, na wakati mwingine huvuka mikrosekunde moja. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga mizunguko 2,000 katika mikrosekunde moja, na yote inapita bila kazi. Anayeondoa usomaji wa namna hiyo mahali ambapo kila pakiti hupita ametoa mchango wa maana kwa kufuta mstari mmoja. Kwa hiyo mhakiki hawezi kukataa kila kiraka cha aina hii, wala hawezi kuvikubali vyote. Lazima afungue mwongozo wa kifaa (Intel ilichapisha hadharani mwongozo wa kadi hizi kwa ajili ya waandishi wa programu), atafute rejista husika, na asome inafanya nini inapoguswa. Katika uhakiki wa viendeshi, nusu ya kazi ni kusoma karatasi ya kifaa. Watu wengi wanaopenda msimbo hawaipendi nusu hiyo.

Kiendeshi, ambacho mafundi wa Kisangani hukiita pilote, ni ile sehemu ya programu inayojua lugha ya kifaa kimoja: kadi ya mtandao, diski, kipimajoto, skrini. Linus Torvalds alipoianza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, viendeshi vilikuwa vichache, vya mashine yake mwenyewe. Leo zaidi ya nusu ya mistari ya kerneli ni viendeshi. Mabadiliko hutumwa kwa barua pepe, kama maandishi ya kawaida, na tangu 2004 kila aliyekitia mkono kiraka huacha jina lake chini yake akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Hapo chini huongezwa pia majina ya waliokihakiki na waliokijaribu. Mwongozo wa kutuma viraka una sharti ambalo laiti lingefuatwa na kila mtu anayedai kuboresha kitu: ukisema umeongeza kasi au umepunguza kumbukumbu, leta tarakimu, na ueleze pia umepoteza nini ili kuipata faida hiyo.

Tarakimu hizo hupimwa wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye maabara za kampuni zinazotengeneza vifaa na zile zinazoendesha seva kwa maelfu, mahali ambapo umeme haukatiki na mashine ni ya mwaka huu au uliopita. Sina ugomvi na jambo hilo, maana wao ndio wanaolipa mishahara ya wengi wa waandishi wa kerneli. Lakini msomaji aliyeko mkoa wa Tshopo anapaswa kujua kwamba maboresho madogo yana thamani moja kwenye seva ya Oregon na thamani nyingine kabisa Mangobo, Kisangani.

Umeme wa Kisangani hutoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, ndani ya mji wenyewe, katika kituo cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kilichojengwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji. Uwezo wake wote hauzidi megawati 20. Mji una wakazi zaidi ya milioni moja. Gawanya mwenyewe: hata siku ambayo mitambo yote inazunguka, fungu la kila mkazi haliwezi kuzidi wati 20, na hapo hatujatoa za hospitali, viwanda na pampu za maji. Laptopu ya mwaka 2008 au 2009, ikiwa imewashwa tu bila kazi, hula kati ya wati 10 na 20. Fungu zima la mtu limeishia kwenye skrini moja. Na mitambo ya Tshopo, kwa umri wake, huharibika, na ikiharibika mji hurudi kwenye jenereta na paneli za jua.

Sasa angalia mashine zenyewe. Zinazofika mitaa ya Makiso na Kabondo nyingi ni za mitumba: laptopu za ofisi zilizotumika Ulaya, zikauzwa, zikaja kwa ndege kutoka Kinshasa au kwa barabara kutoka mashariki. Betri zimezeeka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, anayeandika tasnifu yake kwenye mashine ya namna hiyo hajali kama kadi ya mtandao inaweza kupitisha pakiti milioni kwa sekunde. Anajali kama betri itafika saa moja na nusu au saa mbili. Kwake yeye, kiendeshi bora ni kile kinachojua kulala.

Na hapa kerneli imebadilika sana. Zamani Linux ilikuwa na pigo la saa lisilokoma: mara 100, 250 au 1,000 kwa sekunde prosesa iliamshwa kuangalia kama kuna kazi, hata kama mtumiaji alikuwa ameondoka mezani. Toleo la 2.6.21, la Aprili 2007, liliruhusu mashine isiyo na kazi ikae bila pigo hilo. Mwaka huohuo Intel ilitoa PowerTOP, programu ndogo inayoonyesha ni nani anayeiamsha prosesa na mara ngapi. Orodha iliwaaibisha wengi. Viendeshi vilivyokuwa vikiamka mara kwa mara kuuliza kifaa kama kina habari, wakati kifaa kingeweza kuita chenyewe, vilionekana kwa jina. Kimoja baada ya kingine vilirekebishwa kwa viraka vya mistari michache. Hakuna kati ya hivyo kilichoongeza kasi ambayo jicho lingeiona, ila kwa mtu wa betri vilikuwa mali.

Mfano mwingine uko kwenye kusubiri. Kiendeshi mara nyingi hulazimika kukipa kifaa muda kidogo. Kinaweza kusubiri kikiwa macho, prosesa ikizunguka palepale na kuchoma umeme mpaka muda uishe, au kinaweza kulala na kuamshwa. Kwa miaka mingi mwongozo wa kerneli ulikuwa na ushauri wa wazi: chini ya mikrosekunde 10 subiri ukiwa macho, kwa sababu kulala na kuamka kwenyewe kunagharimu, kati ya hapo na milisekunde 20 lala kwa namna inayompa mpangaji wa kazi nafasi ya kuchagua wakati, njia iliyoongezwa mwaka 2010, zaidi ya hapo lala kawaida. Ile njia ya kawaida ina kasoro yake: kwenye mashine ambayo pigo lake la saa ni la polepole, ukiomba milisekunde 1 unaweza kupewa 20.

Kijana aliyesoma ushauri huo atapekua viendeshi, akibadilisha kila kusubiri macho kuwa kulala. Ni kiraka kizuri kwa sura, na kinaweza kuiangusha mashine. Kuna mahali katika kerneli ambapo kulala ni marufuku: ndani ya kishughulikia mkatizo, au ukiwa umeshika kufuli ambayo wengine wanaizungukia wakiisubiri. Ukilala hapo, kerneli italalamika, au itakwama moja kwa moja. Mstari uliobadilishwa hauonyeshi kama uko mahali pa namna hiyo. Lazima mhakiki afuate ni nani anaiita kazi (function) ambamo mstari huo umo, na nani anamwita huyo, ngazi baada ya ngazi. Viraka vya neno moja huchukua jioni nzima kuvisoma, na wanaotuma kumi kwa siku hawaelewi kwa nini hawajibiwi.

Nitoe hesabu kutoka karibu na nyumbani. Kilomita kama 100 magharibi ya Kisangani, kwenye ukingo wa mto Kongo, iko Yangambi, makao ya utafiti wa kilimo na misitu tangu Wabelgiji walipoanzisha INEAC mwaka 1933. Leo ni INERA. Ndani ya msitu wa hifadhi umesimama mnara wa mita 55 uitwao CongoFlux, ulioanza kazi mwaka 2020 kwa ushirikiano wa INERA na Chuo Kikuu cha Ghent, ukiwa wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo. Unapima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ya ukaa. Vipimo vya aina hiyo hutaka upepo na gesi zisomwe mara 10 au 20 kila sekunde, usiku na mchana. Vifaa vya mnara vina programu zao, na sizungumzii msimbo wao. Nauazima mwendo huo tu kwa ajili ya kupiga hesabu.

Tuseme kifaa kinasomwa mara 20 kwa sekunde na kompyuta ndogo inayokula umeme wa paneli. Kwa siku ni usomaji 1,728,000. Mtu analeta kiraka kinachopunguza mikrosekunde 5 katika kila usomaji na kutangaza kwamba kiendeshi sasa kina kasi zaidi kwa asilimia 30. Asilimia ni kweli. Lakini mikrosekunde 5 mara 1,728,000 ni sekunde 8.64 katika siku yenye sekunde 86,400: sehemu moja kati ya elfu kumi. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967 kwa hesabu ambayo haijapata kushindwa: ukiharakisha sehemu ndogo ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo, hata ukiifanya ichukue muda sifuri.

Mtu wa pili analeta kiraka kisichogusa kasi. Anaona kwamba kifaa kina bafa yake ndani, na kwamba kinaweza kujikusanyia vipimo 20 kabla ya kuita. Sasa prosesa inaamshwa mara moja kwa sekunde badala ya mara 20. Kwa siku, mara 86,400 badala ya 1,728,000. Kati ya miito hiyo inapata usingizi mrefu wa kutosha kushuka kwenye hali zile za kulala ambazo umeme wake ni mdogo sana. Pengine muda wa kazi umebaki uleule, ila betri inakwisha polepole. Mhakiki atauliza: umeme ukikatika ghafla, tunapoteza nini? Jibu ni sekunde moja ya vipimo. Kwa mnara wa msituni hiyo ni bei ndogo. Kwa kifaa cha breki za gari ingekuwa wazimu.

Mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walitumia fikra inayokaribiana na hiyo kwenye kadi za mtandao. Pakiti zikija nyingi, kila moja ikiwa na mkatizo wake, prosesa humaliza muda wote ikiitikia miito bila kufanya kazi yenyewe. Walichopendekeza, kinachojulikana kama NAPI, ni kwamba mkatizo wa kwanza uzime mingine. Kiendeshi kichukue pakiti kwa mafungu, kwa kawaida hadi 64 kwa zamu, na kikimaliza foleni ndipo kiwashe mikatizo tena. Karibu kila kiendeshi cha mtandao cha Linux sasa kimejengwa hivyo.

Kisa ambacho kila mhakiki anapaswa kukijua ni cha mwaka 2008. Septemba ya mwaka huo, watu waliokuwa wakiyajaribu matoleo ya awali ya kerneli 2.6.27 walianza kuripoti kwamba kadi zao za mtandao zimekufa. Zilikuwa kadi za Intel zilizojengwa ndani ya laptopu na kompyuta za mezani za wakati huo, zinazoendeshwa na e1000e, mdogo wake e1000. Kumbukumbu ya kudumu ya kadi, inayohifadhi anwani yake na mipangilio yake, ilikuwa imeandikwa takataka. Kuwasha upya hakukusaidia. Kuweka mfumo mwingine hakukusaidia. Kadi haikujitambua tena.

Lawama ziliangukia kiendeshi, na ni haki, maana kiendeshi pekee ndicho kilichokuwa na ruhusa ya kuigusa kumbukumbu hiyo. Wahandisi wa Intel walikipekua mstari kwa mstari na kuongeza ulinzi ili kumbukumbu isiandikike ovyo. Kosa halikuwamo. Lilikuwa kwenye kona nyingine kabisa ya kerneli, katika ftrace, kifaa cha kufuatilia mwenendo wa kerneli kilichoandikwa na Steven Rostedt, na lilizaliwa na boresho dogo la ufanisi.

Ili ftrace ifuatilie kazi za kerneli, mwanzoni mwa kila kazi huwekwa mwito mdogo. Miito hiyo, hata ufuatiliaji ukiwa umezimwa, huila prosesa. Hivyo ftrace iliandika orodha ya mahali ilipo miito, kisha ikawa inaipitia orodha hiyo huku mashine ikiwa inatembea na kubadilisha kila mwito kuwa amri isiyofanya kitu. Gharama karibu sifuri. Lakini baadhi ya msimbo wa viendeshi hutumika wakati wa kuwasha tu, kisha kumbukumbu yake huachwa huru ipewe mwingine. Orodha ya ftrace bado ilikuwa na anwani za msimbo huo uliokwisha kuondoka. Mara nyingine anwani hiyohiyo ilikuwa imepewa dirisha la kuifikia kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya mtandao.

Rostedt alikuwa ameweka tahadhari: kabla ya kubadilisha chochote, msimbo ulilinganisha kilichopo na kilichotarajiwa, na kama havifanani, usibadilishe. Ulifanya hivyo kwa amri moja ya prosesa inayolinganisha na kubadilisha kwa pamoja. Amri hiyo ina tabia iliyoandikwa kwenye vitabu vya Intel lakini isiyokumbukwa na wengi: hata ulinganisho ukishindwa, huandika. Huirudisha thamani ileile iliyoikuta. Kwenye kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara. Kwenye dirisha la kifaa, kuandika ni amri, na kadi ikaitii. Toleo 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008. Siku chache baadaye likatoka 2.6.27.1 likiwa limeizima njia hiyo ya ftrace.

Ninakirudia kisa hiki kwa sababu ulinzi wote wa kawaida ulikuwepo. Aliyeandika ni mmoja wa mahodari wa kerneli, msimbo ulihakikiwa, tahadhari iliwekwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: anwani hii, baada ya dakika tano, itakuwa ya nani? Swali hilo halina uhusiano na kasi, na kila mtu alikuwa akitazama kasi.

Kuna makosa mengine ambayo hayaui kadi, huua subira ya watu. Mtandao wa Kisangani unawafundisha wakazi wake subira ya kutosha, ila sehemu ya kungoja huko haisababishwi na udogo wa njia. Kiendeshi cha e1000, kwa chaguo-msingi, huweka foleni ya nafasi 256 za kutuma. Foleni ndefu hupendeza kwenye vipimo: njia haikai tupu hata kidogo, na tarakimu ya megabiti kwa sekunde hupanda. Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500. Foleni 256 ikijaa ni baiti 384,000, sawa na biti milioni 3 na kidogo. Kwenye njia ya gigabiti moja foleni hiyo huisha kwa milisekunde 3, na hakuna anayeihisi. Iweke foleni hiyohiyo mbele ya njia ya megabiti 1: sasa ni sekunde 3. Mtu mmoja anapakia video, na jirani yake kwenye ruta ileile anabonyeza kiungo na kusubiri pakiti yake ndogo imalize kupanga mstari nyuma ya video.

Jim Gettys alilipa tatizo hilo jina na kulipigia kelele kuanzia 2010. Mwaka 2012 ukawa wa dawa: Tom Herbert wa Google aliingiza katika Linux 3.3 njia ya kuwekea foleni ya kiendeshi kikomo cha baiti kinachojirekebisha kwa kasi ya njia; Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni ya kuzitupa pakiti zilizokaa kwenye foleni kupita kiasi. Kwa mwandishi wa kiendeshi, kuipokea njia ya Herbert ni mistari michache: mwambie mtandao baiti ngapi umezituma, na mwambie ngapi zimekwisha kutoka. Dave Täht na Toke Høiland-Jørgensen, pamoja na wenzao, walipeleka kazi hiyo kwenye viendeshi vya Wi-Fi miaka iliyofuata, na leo anayeweka mfumo wa OpenWrt kwenye ruta ya bei rahisi huipata bure. Ukipima megabiti peke yake, viraka vyao vingi havionekani kuwa na faida. Vingine huonekana kupunguza kidogo. Faida yake iko kwa yule jirani.

Ndiyo maana nasema, bila kuona haya, kwamba Kisangani ni mahali pazuri pa kuhakiki viendeshi. Laptopu ya mitumba yenye e1000e ni kifaa ambacho maabara nyingi zimekwisha kukitupa. Njia ya megabiti 1 huonyesha foleni ambazo njia ya gigabiti huzificha. Na betri inayokaribia kufa humfanya mtu apime umeme kwa makini. Zaidi ya hayo, kerneli huwafuta wasio na watu wa kuwasemea. Prosesa ya 386, ambayo Torvalds aliianzia Linux juu yake, iliondolewa katika toleo la 3.8 la Februari 2013, na kila mwaka viendeshi vya vifaa vya zamani hupendekezwa kufutwa kwa hoja kwamba hakuna anayevitumia. Aliye navyo asiposema, hoja hiyo inapita.

Gharama za kuingia si kubwa kama watu wanavyodhani. Historia yote ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, lakini toleo moja lililofinywa halifiki megabaiti 200 na linaweza kuletwa kwa kidole cha USB na mtu anayetoka Kinshasa. Kiraka chenyewe ni kilobaiti chache na husafiri hata kwenye mtandao unaosuasua. Kujenga kerneli nzima kwenye mashine ya zamani huchukua saa nyingi ambazo umeme hauzitoi, ila kuna amri inayoangalia ni viendeshi gani mashine yako inatumia sasa hivi na kuacha vingine vyote. Kazi ya usiku kucha huwa ya saa chache. Aliyeiandika ni Steven Rostedt, yule wa ftrace.

Ukishajenga, chomoa chaja. Zima Wi-Fi, weka mwanga wa skrini kwenye kiwango kimoja, acha mashine itulie. Betri yenyewe huiambia kerneli inatoa wati ngapi. Andika tarakimu hizo kwa nusu saa bila kiraka, kisha nusu saa nacho, na urudie mara tatu, kwa sababu kipimo kimoja ni bahati. Kisha mwandikie mwenye kiraka kwa Kiingereza kifupi: aina ya mashine, toleo la kerneli, ulichopima, ulichokiona. Kama hukuona tofauti yoyote, andika hivyo hivyo. Ripoti ya namna hiyo imewahi kuokoa watu na viraka vingi visivyo na faida. Ukiridhika na kazi yake, mwongezee chini ya kiraka mstari wa aliyejaribu, pamoja na jina lako. Utabaki kwenye historia ya kerneli muda wote ambao Linux itakuwepo.